Zana ya Kufuta na Anayeisoma

Mtu anayefuta dokezo kwenye simu yake ana vizuizi vingi vya kumlinda. Dokezo lenyewe analiona, mara nyingine kidirisha kinamuuliza kama kweli amekusudia, na akijuta baadaye ana pa kulitafuta: Google Keep hulihifadhi kwenye tupio kwa siku 7, Apple Notes kwa siku 30 hivi. Wakala wa akili unde hana kitufe wala kidirisha. Katika itifaki ya MCP, ambayo Anthropic iliitoa Novemba 2024 ili kuunganisha mawakala na programu nyingine, anachopewa ni jina la zana, maelezo mafupi na vigezo vya kujaza. Maelezo hayo, ambayo waandaaji programu wengi huyaandika mwisho kabisa wakiwa wamechoka, ndiyo karibu yote anayoyajua kuhusu kitendo anachokaribia kukifanya.

Mara nyingi husomeka hivi: “futa_dokezo: hufuta dokezo. Kigezo: kichwa.” Aliyeyaandika anaona yametosha kwa kuwa yaliyobaki anayajua mwenyewe. Sasa mtumiaji anasema, “Nifutie lile dokezo la kikao.” Yapo madokezo matatu yenye kichwa “Kikao”. Zana inafuta la kwanza inalokutana nalo. Mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Wakala, asijue kama agizo limefika, analituma upya, nayo zana inafuta la pili. Hakuna aliyekaidi, na hakuna kosa litakaloonekana kwenye kumbukumbu za seva.

Tiba ni kutumia namba ya utambulisho badala ya kichwa. Namba ni ya dokezo moja tu, hivyo agizo likirudiwa hata mara kumi halimgusi jirani. Waliobuni HTTP, itifaki ya wavuti, waliliona hilo zamani: amri ya DELETE ikirudiwa, hali ya seva inatakiwa ibaki ileile kana kwamba imetolewa mara moja. Ila namba nayo lazima itoke mahali. Wakala asipoelezwa aitoe wapi, anaweza kuibuni, na ya kubuni ikafanana kabisa na ya kweli.

Ningeandika hivi:

“Huhamishia dokezo moja kwenye tupio. Tumia namba iliyotolewa na tafuta_dokezo, usiikisie. Yakipatikana madokezo zaidi ya moja yanayolingana na ombi, muulize mtumiaji kwanza. Dokezo linaweza kurudishwa kwa rudisha_dokezo ndani ya siku 30. Picha zilizomo huondoka pamoja nalo. Likiwa limeshafutwa, jibu ni ‘limeshafutwa’. Hilo si kosa, usirudie.”

Sentensi ninayoipa uzito zaidi ni ile ya kurudisha. Julai 2025 wakala wa Replit, jukwaa la kuandikia programu, alifuta hifadhidata ya mjasiriamali Jason Lemkin wakati alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Kisha akamweleza kwamba data haiwezi kurudishwa. Lemkin alijaribu, ikarudi. Sidai kwamba maelezo mazuri yangezuia ufutaji ule. Lakini wakala asiyepewa habari za uhakika kuhusu kurudisha hujaza pengo kwa jibu linaloingia akilini, na aliyepotelewa ndiye anayelisoma jibu hilo akiwa tayari ametaharuki.

Hapa kuna ugumu ambao maelezo hayaumalizi. Obsidian, programu ya madokezo inayohifadhi kila kitu kama faili za kawaida kwenye kompyuta, humwachia mtumiaji achague: faili iliyofutwa iende kwenye tupio la kompyuta, iende kwenye folda ya taka ya programu, au ifutwe moja kwa moja. Maelezo yakisema “huhamishia kwenye tupio”, ni kweli kwa mmoja na uongo kwa mwingine. Kwa hiyo zana isome mpangilio wa mtumiaji, na jibu lake liseme kilichotokea hasa: “limehamishiwa kwenye tupio” au “limefutwa kabisa”. “Imefanikiwa” peke yake ni jibu la hovyo.

Wengine huandika kwa herufi kubwa: HATARI, USITUMIE OVYO. Binafsi sioni faida yake. Ovyo ni nini? Wakala anaweza kuuliza ruhusa kwa kila dokezo mpaka mtumiaji achoke na kuitikia bila kusoma.

MCP ina pia alama ya kuonyesha kwamba zana inaweza kuharibu data, na isipowekwa, zana inayobadilisha mambo huhesabiwa kuwa inaweza kuharibu. Hiyo ni ishara tu, na itifaki yenyewe inaonya kwamba alama za seva usiyoiamini zisiaminiwe. Kilichoandikwa hakimfungi wakala mikono. Ndiyo maana, pale ambapo mtumiaji hajachagua mwenyewe kufuta moja kwa moja, kufuta kabisa kusiwe kigezo ndani ya futa_dokezo. Kuwe zana ya peke yake, isiyofanya kazi mpaka mwenye madokezo aidhinishe kwa kidole chake, nje ya mazungumzo na wakala.