Tuchague Kuni Gani za Kubanikia Nyama?

Sikukuu zikikaribia, familia nyingi huchinja nguruwe au mbuzi, na nyama inayobaki hubanikwa uani ili isioze. Watu hutuuliza kuhusu chumvi na muda wa kubanika. Ni wachache wanaouliza kuhusu kuni, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Moshi haupiti tu juu ya nyama. Huganda juu yake, hasa penye majimaji na mafuta, na yaliyomo katika kuni huliwa pamoja na nyama.

Kuni zinazofaa ni za mti mgumu, mkavu, usio na ulimbo. Mpera, mchungwa na mgunga ni miti mizuri. Wabanikaji samaki wa pwani hutumia makumbi na vifuu vya nazi, na mahali pengine watu hutumia magunzi ya mahindi. Kuni zipasuliwe na kuanikwa mpaka zikauke kabisa, kwa maana kuni mbichi hutoa moshi mzito wenye masizi: nyama huwa chungu, na watoto walio karibu hukohoa. Zilizoota ukungu zisitumike. Msindano una ulimbo mwingi, tuuache. Mnyaa nao tusiuguse, kwani utomvu wake huumiza vibaya macho, na moshi wake huyawasha.

Sasa tuseme juu ya mabaki ya mbao, maana hayo ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi. Kwa kuwa hupatikana bure kwa fundi seremala, mama huona amepata bahati. Lakini plaiwudi ina gundi, mbao kuukuu huenda zina rangi yenye madini ya risasi, na nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa mara nyingi zina arseniki. Arseniki ni sumu ambayo moto hauiteketezi. Sehemu yake hupanda na moshi, nyingine hubaki katika majivu, ambayo baadaye tunayamwaga kwenye bustani ya mboga! Mbao usiyojua ilikotoka isiingie motoni. Vivyo hivyo, moto usiwashwe kwa plastiki, kipande cha tairi wala mafuta ya taa.

Mkaa hutoa moshi kidogo na joto la kutulia, kwa hiyo huweza kutumika pamoja na vipande vichache vya kuni kavu. Hatari yake ni pale mvua inaponyesha, au wezi wanapohofiwa, jiko likaingizwa ndani na mlango ukafungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na waliolala humo huweza kufa bila kuamka. Jiko libaki nje.

Hata kuni zikiwa nzuri, nyama ya moshi isiwe chakula cha kila siku. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama zilizosindikwa, zikiwemo za moshi, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mafuta yakidondokea motoni masizi huongezeka, basi tuyapunguze kwanza na tuinue uchanja juu ya ndimi za moto. Masizi meusi yakwanguliwe kabla ya kupika. Na nyama ya nguruwe, hata ikikaa motoni kutwa nzima, ichemshwe tena hadi iive mpaka ndani, kwa sababu moshi peke yake hauui tegu.