Kikasha kilichofichwa Buterere: mchezo wa satelaiti wakutana na macho ya mtaa

Asubuhi ya Jumamosi moja ya kiangazi tulitoka Kinama kwa baiskeli, watu wawili, tukielekea Buterere, kaskazini mwa jiji la Bujumbura. Simu ilikuwa imefungwa kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa gurudumu, na kiooni mwake mshale mdogo ulituonyesha upande wa kwenda: mita 640, kisha 500, kisha 410. Mwenzangu ni Mrundi aishiye Ulaya aliyekuja likizo. Siku iliyotangulia alikuwa amekwenda peke yake kuficha kikasha cha plastiki chini ya rundo la mawe kando ya njia, akanipa namba tu, nami nikatakiwa kukitafuta.

Mchezo huo huitwa jiokeshi. Mtu huficha kikasha chenye daftari na kalamu, huandika mahali kilipo kwa namba za latitudo na longitudo, na kuzitangaza kwenye intaneti. Mwingine huzifuata, hukitafuta kikasha, huandika jina lake na tarehe daftarini, kisha hukirudisha palepale. Akichukua kitu kilichowekwa ndani kama zawadi, huacha kingine chenye thamani ileile. Leo vikasha vya namna hiyo hupatikana duniani kwa mamilioni.

Chanzo cha mchezo ni uamuzi wa serikali. Satelaiti za GPS ni mali ya Marekani, na kwa miaka mingi jeshi lake lilikuwa likivuruga kwa makusudi mawimbi yaliyotumiwa na raia, hata kipimo kikakosea kwa mita 100 hivi. Mwanzoni mwa Mei 2000 Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe. Tarehe 3 Mei mwaka huohuo, mtu aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi msituni katika jimbo la Oregon, ikiwa na vitabu, manati na kopo la maharage, akatangaza namba zake. Siku chache baadaye ndoo ilikuwa imekwisha kupatikana. Hata hivyo, kuficha sanduku na kuwaachia wengine walitafute si jambo jipya: huko Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, watembea kwa miguu walianza desturi inayofanana na hiyo mwaka 1854.

Tusimame kidogo kwenye namba, kwa maana hapo ndipo wageni wengi wa mchezo hupotea. Simu husikiliza satelaiti zilizoko zaidi ya kilomita 20,000 juu ya ardhi. Hupima muda ambao mawimbi ya kila moja yametumia kufika, na ikipata nne au zaidi hukokotoa mahali ilipo. Uwandani penye anga wazi, kama Buterere, kosa huwa mita chache tu. Chini ya miti au kati ya maghorofa huongezeka. Wachezaji huandika nyuzi, kisha dakika zenye tarakimu tatu baada ya nukta. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852 hivi, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ina thamani ya chini ya mita mbili. Sisi tulio karibu na ikweta tuna nafuu, kwani dakika ya longitudo nayo ina takriban urefu uleule, ilhali kule Skandinavia hupungua ikawa karibu nusu. Lakini angalia usichanganye maandishi. Nyuzi 3 na dakika 20.5 si nyuzi 3.205. Atakayezisoma hivyo atajikuta kilomita 15 kaskazini, jirani na Gihanga, akipekua vichaka ambavyo havikufichwa kitu.

Sisi hatukukosea namba. Tulipofika, mshale uliandika mita 3, tukashuka. Mwenzangu akasimama kando huku akitabasamu, nami nikaanza kuinua mawe. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia lengalenga ng'ambo ya mfereji alinyoosha mgongo akatutazama, kisha akauliza: “Wanangu, mmeangusha nini?”

Lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu fupi. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuona kwamba kikasha hakipo. Juu ya jiwe moja bapa, daftari letu lilikuwa limewekwa vizuri, na kalamu juu yake. Aliyekichukua kikasha alikuwa amefikiri kwamba maandishi huenda yana mwenyewe, ila chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana hakistahili kulala chini ya mawe. Kwangu mimi mtu huyo hakukosea. Chombo kama hicho huhifadhia chumvi au dawa ya mtoto.

Mchezo huu ulizaliwa mahali ambapo hakuna anayetazama chini. Msituni Oregon ndoo yaweza kukaa miaka pasipo mtu kuigusa, kwa kuwa hakuna apitaye, na apitaye hana haja nayo. Buterere ni kinyume chake. Ndiko liliko jaa la taka la jiji, na wako watu, wengi wao wanawake na vijana, wanaojipatia riziki kwa kupekua kilichotupwa: chupa, vyuma, plastiki. Macho yao yamezoea kuona kitu kinachofaa ndani ya kisichofaa. Kuficha kikasha mbele ya macho kama hayo na kutaraji kisionekane ni kujidanganya, tena kuna chembe ya dharau ndani yake.

Liko pia jambo zito zaidi. Uwanja wa ndege wa Bujumbura, ambao tangu 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, uko jirani. Nchi yetu imepitia miaka ya vita, na watoto hukanywa wasiguse chombo wasichokijua. Kanuni za mchezo wenyewe hutahadharisha dhidi ya kuficha chochote karibu na viwanja vya ndege, kambi za jeshi au shule, hukataza kuchimba ardhi, na hutaka ruhusa ya mwenye eneo. Hayo si maneno matupu. Julai 2011, katika mji wa Wetherby nchini Uingereza, wataalamu wa mabomu walilipua kikasha cha mchezo huu baada ya mtu mmoja kuonekana akikificha mbele ya mkahawa. Ikiwa huko walishtuka hivyo, mtu anayeinamia mawe Buterere akiwa na simu mkononi asishangae akiulizwa maswali, wala asiyajibu kwa kiburi.

Tulimweleza yule mama kila kitu. Alicheka, kisha akauliza kwa nini hatukuomba kukiweka kwake. Ndivyo tulivyofanya Jumamosi iliyofuata. Kikasha cha pili ni kopo la bati lililopakwa rangi, lenye jina la mchezo ubavuni kwa Kirundi na kwa Kiswahili, nalo limefungwa kwa waya ndani ya ua wake wa minyaa, juu ya kimo cha goti, kwa sababu mvua za masika zikija maji ya uwanda huu hayana adabu. Hatujazitangaza namba zake kwenye intaneti. Asiyetaka kumsumbua mwenye ua anaweza kucheza aina isiyo na kikasha kabisa, ambamo mchezaji hufika mahali, hutazama, na kujibu swali kuhusu alichokiona. Kwa miji yetu naiona kuwa ndiyo inayofaa zaidi.

Atakayependa kujaribu kwa baiskeli, au kinga kama tunavyoiita mitaani, akumbuke kwamba Machi 2022 mamlaka zilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya jiji. Anayetokea kusini aulize kwanza njia iliyo wazi. Aondoke mapema kabla ya jua kali na malori ya taka, abebe pampu na kiraka, na simu iwe na chaji, maana kutafuta satelaiti hula betri haraka.

Mara ya mwisho nilipopita, daftari lilikuwa na majina kumi na moja. Mawili ni yetu. Mengine ni ya majirani na watoto wao, na moja limeandikwa na mama mwenyewe, kwa herufi kubwa, pamoja na bei ya fungu la lengalenga.