Burse ya mtafiti kijana: inalipa nini, na inaomba nini

Ndugu zetu wa promotion zote, kila mara tangazo la burse likipita ku WhatsApp, swali la kwanza ni lile lile: "Wanaomba asilimia ngapi?" Kwa burse za masomo, swali hilo liko na maana. Lakini kuna aina ingine, ya mtafiti anayeanza ndani ya huduma ya afya, na hiyo tunaipita kila mwaka juu tunaisoma kama ile ya kwanza.

Burse hiyo inanunua wakati. Muuguzi wa kituo cha afya hapa kwetu, mara nyingi hana mshahara wa Serikali, anaishi na prime inayotoka ku malipo ya wagonjwa. Siku akiacha zamu ili apitie madaftari ya miaka mitatu, hakuna anayemlipa siku hiyo. Hata Uingereza, kwenye mishahara inatoka kila mwezi, waliona shida hiyo: tangu 2006 kuna NIHR, mfuko wa serikali wa utafiti wa afya, na burse zake zinalipa mshahara wa muuguzi au munganga wakati anafanya utafiti wa udaktari wa falsafa.

Juu ya nini hii inatugusa sana? Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Katikati ya hofu na risasi, utafiti wa PALM ulifanyika hapa hapa, na jina lake ni Kiswahili kabisa: Pamoja Tulinde Maisha. Ulianza Beni Novemba 2018, ukafika Katwa, Butembo na Mangina. Wagonjwa 681 waliingia, dawa nne zikalinganishwa. Agosti 2019 ulisimamishwa mapema juu dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zilikuwa zinaokoa watu kushinda zingine. Hiyo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, na INRB ya Profesa Muyembe ilikuwa kati ya viongozi wa utafiti. Wakongo waliongoza, tusijidharau. Lakini Kinshasa iko mbali na Butembo. Vijana wengi wa hapa waliingia riposte kwa kupima joto, kujaza fishi, kufuatilia waliogusana na wagonjwa. Riposte ikafunga, mikataba ikaisha.

Februari 2021 ugonjwa ukarudi, Biena na Katwa: wagonjwa 12, wakafa 6. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kama virusi vile viliunganika na vya 2018–2020. Sasa, namna gani ya kufuatilia waliopona bila kuwafanya watengwe na majirani? Ni nani yuko karibu na swali hilo kuliko muuguzi wa Katwa anayeongea nao Kinande?

Milango iko. EDCTP, ushirikiano wa Ulaya na Afrika, katika programu yake ya pili iliyoanza 2014, ilitoa burse za watafiti wanaoanza hadi euro 150,000 kwa miaka mitatu. (Usianze kupiga hesabu ya pikipiki: pesa inapita kwa taasisi.) TDR, iliyo ndani ya OMS, inakutuma hadi mwaka mmoja kwenye kampuni au kituo kinachofanya majaribio ya dawa, kisha unarudi kwenu.

Kwenu wapi? Hapo ndipo dosie nyingi zinakufa. Wanataka taasisi inayokutambua, inayokubali kukuachia wakati, na inayosema utafanya nini ukirudi. Mtu aliyemaliza UCG au ISTM na kukaa nyumbani akingojea tangazo hana wa kumuandikia barua hiyo, hata akiwa na distinction. Wakubwa wetu wa hospitali nao wako na deni hapa: barua haiwagharimu kitu, lakini kijana anaifuata mwezi mzima.

Na swali liwe dogo. "Ebola katika Nord-Kivu" ni kichwa cha kitabu. "Juu ya nini wamama wa aire fulani ya afya wanaanza CPN wakiwa na mimba ya miezi saba" linaweza kuhesabiwa. Pengine liko tayari ndani ya TFC yako: toa data ile kabatini, safisha jedwali, tafuta mwalimu akubali muandike pamoja makala. Fomu mara nyingi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo anza kujifunza sasa, mbele tangazo halijatoka.