Mtoto Anapumua kwa Mapafu ya Mama: Korona na Ujauzito

Katika toleo hili nimeombwa niandike kitu cha kisayansi ambacho hakitaishia maabara, nikaona bora nizungumzie jambo ambalo akina dada na mashemeji zetu bado wanaliuliza kila muhula mpya, wageni wanapowasili: korona na mimba. Ni kweli Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya dunia imekwisha. Lakini virusi vyenyewe havikufungasha mizigo vikaondoka. Bado vinapita kwenye mabweni yetu, na wajawazito bado tunao hapa hapa Uingereza, wengi wao wakiwa mbali na mama zao na shangazi zao ambao kwa kawaida ndio wangewauliza.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nasomea uhandisi, na kazi yangu ni vipimo na ishara za umeme. Lakini ukiifuatilia habari hii kwa makini utaona kwamba kwa sehemu kubwa ni habari ya oksijeni: inaingiaje mwilini, inamfikiaje mtoto, nani anaipima, na je, kipimo hicho kinasema kweli? Hapo ndipo na mimi nina la kuchangia.

Je, virusi vinamfikia mtoto tumboni?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mama. Jibu ni kwamba vinaweza, lakini ni mara chache. Kondo la nyuma ni ukuta mzuri. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Zinapita jirani, zinapeana chakula na oksijeni kupitia utando mwembamba. Isitoshe, virusi vya korona vikitaka kuingia kwenye chembe ya mwili vinahitaji vitu viwili kwa pamoja, tuseme kitasa na mtu wa kufungua, na kwenye kondo la nyuma ni nadra kuvikuta viwili hivyo mahali pamoja.

Takwimu za hapa zilionyesha hivyo mapema kabisa. Kati ya tarehe 1 Machi na 14 Aprili 2020, hospitali za Uingereza ziliwaandikisha wajawazito 427 waliolazwa wakiwa na korona. Katika watoto 265 waliozaliwa na akina mama hao, 12 walikutwa na virusi, na 6 tu kati yao walikutwa navyo ndani ya saa 12 za mwanzo. Maana yake ni kwamba hata katika hao wachache, wengine huenda walivipata baada ya kuzaliwa.

Mtu akisoma hapo anaweza kufunga gazeti na kusema, basi mtoto yuko salama. Jamani, asifunge bado.

Njia ya hewa ni moja

Mtoto tumboni hana mapafu yanayofanya kazi. Oksijeni yake yote inapita kwenye pua ya mama, mapafu ya mama, damu ya mama, halafu kondo la nyuma, ndipo imfikie. Sisi wahandisi tungesema hakuna njia ya akiba. Ukiziba mahali pamoja, umeziba kote.

Na njia hiyo tayari imebanwa. Mimba inapokua, tumbo linakisukuma kiwambo, ule msuli wa kupumulia, kwenda juu, kiasi cha sentimita 4 hivi. Hewa inayobaki kwenye mapafu mama akishatoa pumzi inapungua kwa karibu moja ya tano, na wakati huo huo mwili wake unatumia oksijeni zaidi kuliko kawaida, pia kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo akiba imepungua na matumizi yameongezeka. Nimonia ambayo mwanamke asiye na mimba angeivumilia siku tatu, mjamzito inaweza kumlaza kwa haraka.

Kuna na mambo ya damu. Mimba yenyewe inaifanya damu igande kwa urahisi, ni njia ya mwili kujiandaa kwa uzazi. Korona nayo inagandisha damu. Vikikutana viwili hivi hatari inaongezeka, kwa mama na kwenye mishipa midogo ya kondo la nyuma. Utafiti ulioongozwa kutoka Oxford, uliohusisha wanawake 2,130 katika nchi 18 na kutolewa mwaka 2021, uliona kwamba wajawazito wenye korona walipata zaidi shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba, na walijifungua zaidi kabla ya wakati. Hapo ndipo mtoto anapoumia hasa: virusi havikumgusa, lakini anazaliwa njiti kwa sababu mama yake alishindwa kupumua na madaktari wakalazimika kumtoa mapema.

Wengine hawakuzaliwa hai. Nchini Marekani walipitia vizazi zaidi ya milioni 1.2 kati ya Machi 2020 na Septemba 2021. Kwa akina mama waliokuwa na korona wakati wa kujifungua, asilimia 1.26 ya vizazi vilikuwa vya watoto waliofia tumboni. Kwa wasiokuwa nayo, asilimia 0.64. Kwa hiyo wengi mno walizaa salama, tusiogopeshane bure, lakini hatari ilikuwa karibu mara mbili. Katika kipindi cha kirusi cha Delta ilifika mara nne.

Na kwetu je?

Kuna watu hupenda kusema kwamba korona ilikuwa ugonjwa wa Wazungu. Watafiti wa Kiafrika walifuatilia wanawake waliolazwa hospitalini kati ya Machi 2020 na Machi 2021 katika nchi sita, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo. Waliona kwamba mjamzito mwenye korona alikuwa na hatari ya kufa hospitalini karibu mara mbili ya mwanamke mwenye korona asiye na mimba. Sababu mojawapo mnaijua: mahali ambapo mitungi ya oksijeni ni ya kuhesabu, njia ile ile moja ya hewa ndiyo inayokatika.

Na hata hapa Uingereza, penye oksijeni ya kutosha, rangi ilionekana. Katika wale wajawazito 427 waliolazwa mwanzoni mwa mwaka 2020, asilimia 56 walikuwa weusi au wa makabila mengine ya wachache. Watano kati ya wale 427 walifariki. Ukichukua miaka mitatu ya 2020 hadi 2022, korona ilikuwa sababu ya pili ya vifo vya akina mama wa Uingereza wakati wa mimba au ndani ya wiki sita baada yake, nyuma ya kuganda kwa damu.

Kipimo cha kidoleni na ngozi yetu

Sasa nije kwenye fani yangu. Wengi wenu mnacho au mmekiona kile kidude kinachobanwa kidoleni kikatoa namba, 98, 97. Ndani yake mna taa mbili: moja nyekundu, nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni nyingi na yenye oksijeni kidogo zinanyonya mianga hiyo miwili kwa viwango tofauti. Kifaa kinalinganisha kilichopita upande wa pili, kinatafuta jibu kwenye jedwali lililohifadhiwa ndani yake, kinakupa namba.

Kasoro iko kwenye jedwali. Lilitengenezwa kwa kupima watu wa kujitolea, na kwa miaka mingi wengi wao walikuwa weupe. Rangi ya ngozi nayo inanyonya mwanga, na kwa ngozi nyeusi kifaa huelekea kusoma juu kuliko hali halisi. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa namba za kidoleni na damu iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye mshipa. Kifaa kiliposoma kati ya 92 na 96, kwa wagonjwa weusi karibu vipimo 12 katika kila 100 vilikuwa na oksijeni halisi chini ya 88, kiwango cha hatari. Kwa weupe ilikuwa karibu 4. Machi 2024 tume huru iliyoundwa na serikali ya Uingereza ilitoa ripoti ikakubali kwamba tatizo lipo na linaweza kuwadhuru wagonjwa.

Unaona maana yake kwa dada yetu mwenye mimba ya miezi minane? Kwa mjamzito madaktari hawapendi namba ishuke chini ya 94 au 95. Yeye anasoma 95, anaambiwa kwenye simu kaa nyumbani, kunywa maji. Lakini huenda damu yake iko chini zaidi, na mtoto anaitegemea damu hiyo hiyo. Sisemi mkitupe kifaa. Kinasaidia, hasa ukiangalia mwelekeo: jana 98, leo 95, hilo ni jambo hata kama 95 yenyewe haitishi. Ninachosema ni kwamba namba nzuri isimnyamazishe mama anayesema, "Sipumui vizuri." Katika hali hiyo mama mwenyewe ni kipimo, na mara nyingine ni kipimo bora.

Habari ya chanjo

Majaribio makubwa ya kwanza ya mwaka 2020 hayakuwaingiza wajawazito, na hapo ndipo uvumi ulipopata nafasi. Uingereza iliruhusu wajawazito wote wachanjwe pamoja na watu wa rika lao kuanzia Aprili 2021. Tanzania uzinduzi wa chanjo ulifanyika tarehe 28 Julai 2021. Scotland walihesabu kuanzia Desemba 2020 hadi Oktoba 2021: kati ya wajawazito wenye korona waliofikishwa chumba cha mahututi, asilimia 98 walikuwa hawajachanjwa. Faida ya pili ni ya mtoto: kingamwili za mama zinavuka kondo la nyuma na kumlinda miezi ya mwanzo, wakati yeye mwenyewe hajafikia umri wa kuchanjwa.

Siku hizi utaratibu unatofautiana nchi hadi nchi, na hapa Uingereza mimba peke yake haikuwa tena kigezo katika kampeni ya vuli ya 2025. Kwa hiyo muulize mkunga wako kuhusu hali yako, hasa kama una kisukari, pumu au shinikizo la damu.

Basi ufanye nini?

Kwanza, jiandikishe kliniki mapema. Mwanafunzi au mwenza wake aliyelipa ada ya afya pamoja na viza anahudumiwa uzazi bila bili nyingine. Hata asiyelipa, hospitali hairuhusiwi kumnyima au kumcheleweshea huduma ya uzazi kwa sababu ya pesa. Usikae nyumbani kwa kuogopa ankara.

Pili, ukiugua, piga simu wodi ya wazazi au 111, na useme mwanzo kabisa kwamba wewe ni mjamzito. Usisubiri ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, kifua kikiuma, kichwa kikigonga sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, au mtoto akipunguza kucheza. Ukizidiwa ni 999. Na kwa ngozi zetu, usitafute ubluu usoni. Angalia ndani ya midomo, ulimi na viganja.

Tatu, nyungu. Najua mwaka 2020 nyumbani tulijifukiza sana. Hakuna ushahidi kwamba mvuke unaua virusi hivi, na sufuria ya maji ya moto chini ya shuka na tumbo kubwa ni ajali inayosubiri siku yake.

Nne, mtoto akizaliwa, nyonyesha. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama mwenye korona anyonyeshe na ambebe mwanawe kifuani, avae barakoa na anawe mikono. Maziwa hayajaonekana kuwa njia ya kuambukiza, na yana kingamwili ndani yake.

Kaka zangu, hili si la akina mama peke yao. Mkeo akikuambia usiku kwamba pumzi haitoshi, usimwonyeshe namba ya kidoleni ili alale. Mpigie simu wodi, na kama yeye hana pumzi ya kueleza, eleza wewe.

Nawatakia muhula mwema, na wanaotarajia, wajifungue salama salimini.