"Discredited": Aliyeaminiwa Kisha Akakosa Kuaminika

Katika kusahihisha, nimekutana mara nyingi na mtahiniwa anayelifasiri neno la Kiingereza "discredited" kuwa "mwongo" au "mhalifu". Silo. "Discredited" ni mtu aliyekuwa akiaminiwa, kisha itibari ikamtoka. Asiyewahi kuaminiwa na yeyote hawezi kuitwa hivyo.

Neno hili lina asili ya Kilatini. Kitenzi "credere" ni kuamini. "Creditum" ni kitu ulichomkabidhi mtu kwa kumwamini, yaani mkopo. Kiingereza kilipata "credit" katika karne ya 16 kupitia Kifaransa. Kiambishi "dis-" huondoa. Usishangae imani na fedha kukaa pamoja: katika Kiswahili pia, "amini", "imani" na "amana" ni za mzizi mmoja wa Kiarabu.

Sasa tazama A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879. Krogstad alighushi sahihi. Kesi haikufika mahakamani, lakini milango yote ilimfungikia. Kazi yake ndogo benkini ndiyo ngazi anayotumaini kupandia tena, ili wanawe wakue wakiwa na jina safi. Ndiyo maana Torvald anapotaka kumfuta kazi, anapigana kama mtu anayezama.

Nora naye alighushi sahihi ya babake ili akope fedha za kumpeleka mumewe Italia kutibiwa. Kosa ni lile lile. Mbona yeye bado anaheshimiwa? Kwa sababu watu hawajajua. Kosa peke yake halimwondolei mtu itibari. Itibari huondoka pale waliomwamini wanapoacha kumwamini. Mtahiniwa akiiona tofauti hiyo, hoja yake hupata uzito.

Na Torvald je? Wengi humsahau. Benki inamwamini na jamii inamstahi hadi mwisho. Ila Nora alitarajia kwamba siri ikifichuka, mumewe angejitwika lawama. Badala yake anamshutumu vikali, na hati ya deni inaporudishwa anashangilia kwamba yeye ameokoka. Hapo itibari inamtoka mbele ya mtu mmoja tu, mkewe.

Ukiandika hoja hii, usiishie kusema "Torvald ni mbinafsi". Nenda hadi pale Nora anapovua vazi la dansi, anarudi na nguo za kila siku, na kumwambia mumewe aketi wazungumze.