Unga wa Mwani na Mifupa Yetu

Leo tuweke jembe chini kidogo tuzungumze juu ya mifupa. Siku hizi, minadani na madukani, utakuta mikebe ya unga wa kijani au vidonge vilivyoandikwa kwamba ni mwani na vinaimarisha mifupa. Mama anayeumwa magoti anatoa fedha ya kuku wawili, ananunua. Je, amepata au ameliwa? Inategemea ni mwani gani ulio ndani ya mkebe ule, maana mwani si kitu kimoja.

Kwanza tuuelewe mfupa wenyewe. Mtazame kuku wako anayetaga. Ganda la yai moja lina kalsiamu, yaani madini ya chokaa, kiasi cha gramu 2. Chakula kikipungukiwa madini hayo, kuku haachi kutaga papo hapo. Anachota kalsiamu kutoka mifupa yake mwenyewe. Mayai yanaendelea kuja, ila ganda linakuwa jembamba, kisha miguu inalegea, na asubuhi moja unamkuta amelala tu bandani hawezi kusimama.

Na sisi ni hivyo hivyo. Moyo, misuli na damu vinataka kalsiamu kila saa. Isipoletwa na chakula, mwili unaikopa kwenye mifupa. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha anakopwa zaidi, na hedhi ikishakoma mifupa ya mwanamke hupungua upesi. Hasikii maumivu yoyote, mpaka siku anapoteleza njia ya kisimani akavunjika nyonga. Kwa hiyo yule mama wa magoti, mara nyingi shida yake ni viungo vilivyolika. Kalsiamu ya mkebe, hata ikiwa nzuri, haitamwondolea maumivu hayo.

Turudi kwenye mwani. Upo mwekundu, mgumu kama jiwe, uitwao lithothamnioni, unaovunwa katika bahari za baridi kama pwani ya Iceland. Karibu theluthi moja ya uzito wake ni kalsiamu. Huo una kitu, hatukatai. Lakini kalsiamu yake nyingi ni chokaa ya namna ile ile iliyomo katika ganda la yai, ganda la kome na jiwe la chokaa. Hakuna muujiza wa bahari hapo, ila safari ndefu na bei yake.

Ule wa kijani ni spirulina, jamaa wa vijidudu vya kijani wanavyokula heroe wadogo wa Ziwa Natron. Una protini nyingi na madini ya chuma, na kwa hayo unastahili sifa. Kwa kalsiamu, hapana! Gramu 100 za unga huo mkavu zina miligramu kama 120, sawasawa na gramu 100 za maziwa. Sasa nani anakula gramu 100 za unga ule kwa siku? Kijiko cha chai ni kama gramu 3, yaani miligramu 4 hivi, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kila siku. Piga hesabu mwenyewe.

Wa tatu tunaujua wenyewe: mwani unaofungwa kwenye kamba na vigingi huko Paje na Jambiani, Unguja, tangu mwaka 1989, na Kibuyuni kule Kenya. Sehemu kubwa husafirishwa nje kutengenezwa ute wa kugandishia vyakula na dawa ya meno. Akina mama wanaoulima wameanza pia kutengeneza sabuni na vyakula vyao. Kuula kidogo kama mboga, sawa. Kalsiamu imo, lakini kiasi hubadilika kwa aina, mahali na msimu, na pamoja nayo kuna chumvi na iodini. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, figo au shinikizo la damu amwone mganga wa zahanati kabla ya kuufanya dawa.

Na ninyi wa kando ya Ziwa Viktoria, tafadhalini sana: ule utando wa kijani unaoelea ghubani msiuchote mkaukausha mkidhani ni spirulina. Aina nyingine zake zina sumu inayoharibu ini, na kuchemsha hakuiondoi.

Basi kalsiamu tuitoe wapi? Dagaa, ndugu yangu! Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake. Mtwange pamoja na kichwa, unga wake utie katika uji wa mtoto. Uwe uji wa ulezi, maana gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300, na ukiuotesha kwanza ukawa kimea mwili unazipata vizuri zaidi. Bilauri ya maziwa ina karibu 300. Sukuma wiki ni nzuri. Mchicha una kalsiamu lakini una pia asidi inayoifunga, usiutegemee peke yake. Mzee asiyetoka ndani naye atolewe nje apate jua, maana bila jua kalsiamu haiingii vizuri mwilini.

Kama bado unautamani mkebe, mwambie muuzaji akuonyeshe palipoandikwa ni miligramu ngapi za kalsiamu kwa kipimo kimoja. Pasipo na namba, mrudishie mkebe wake, ukanunue dagaa.