Breki za Nyuma katika Gari la Kujiundia

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Nzega hupita Wilaya ya Iramba, na kabla ya kufika Shelui hana budi kuuteremka Mlima Sekenke, mahali ambapo nchi ya juu hukatika ghafla na bonde la Wembere huonekana likienea chini. Mteremko huo unajulikana kwa miaka mingi kwa ajali za malori yaliyoishiwa breki. Kanuni za maumbile zinazolitawala lori lenye shehena ndizo zinazolitawala gari dogo la spoti lililoundwa na fundi katika karakana yake.

Uundaji wa magari kwa mikono si jambo geni. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1957, gari la Lotus Seven liliuzwa likiwa vipande ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe. Katika Afrika Mashariki, Kenya ilionyesha magari yake ya Nyayo Pioneer mwaka 1990, na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walilitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011. Hapa Tanzania, kituo cha Nyumbu kilichopo Kibaha kimeshughulika na teknolojia ya magari tangu miaka ya 1980. Tofauti ni kwamba kiwanda huwa na wahandisi wa kupima breki, ilhali fundi wa nyumbani hutegemea vipuri vilivyotumika na akili yake mwenyewe.

Kishawishi cha vipuri vya mbele

Breki ya diski hufanya kazi kama vidole viwili vinavyobana sahani inayozunguka. Diski ndiyo sahani. Kalipa ndicho kibanio, na ndani yake mna pistoni inayosukumwa na mafuta ya breki ili pedi ziibane diski. Magari mengi madogo yana diski mbele na ngoma nyuma. Kwa hiyo kalipa za mbele hupatikana kwa urahisi katika magari yaliyochakaa, na kalipa za nyuma ni adimu. Fundi hushawishika kufunga kalipa za mbele katika magurudumu yote manne, akiamini kuwa breki kubwa zaidi ni salama zaidi. Imani hiyo ni ya hatari.

Uzito huhamia mbele

Dereva akanyagapo breki, pua ya gari huinama. Hiyo ni dalili kwamba sehemu ya uzito imehamia kwenye magurudumu ya mbele. Tuchukue mfano wa gari la kilo 700 pamoja na dereva, lililogawanyika sawasawa: kilo 350 mbele na kilo 350 nyuma. Kitovu chake cha uzito kiko sentimita 50 juu ya ardhi, na umbali baina ya ekseli zake ni mita 2.3. Breki ikikazwa kwenye lami kavu kwa kani iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wa gari, uzito unaohama hupatikana kwa kuzidisha 0.8 kwa 700 kwa 0.5, kisha kugawanya kwa 2.3. Jibu ni kilo 122. Mbele sasa pana kilo 472 na nyuma kilo 228, yaani asilimia 32.6 tu ya uzito wote.

Gurudumu lililobeba uzito mdogo haliwezi kupokea breki kubwa. Litakwama na kuserereka. Magurudumu ya mbele yakikwama kwanza, usukani hautii, lakini gari huendelea mbele likiwa limenyooka. Ya nyuma yakikwama kwanza, hupoteza uwezo wa kuzuia mkia usiende upande, na gari huzunguka kabla dereva hajatambua. Kwa hiyo katika mfano huu sehemu ya breki ya nyuma isizidi asilimia 32.

Kuchagua kwa hesabu

Iwapo diski za mbele na za nyuma zina kipenyo kimoja na pedi ni za aina moja, kinachoamua ni eneo la pistoni. Pistoni ya mbele yenye kipenyo cha milimita 54 ina eneo la milimita za mraba 2,290. Ya nyuma yenye kipenyo cha milimita 34 ina eneo la 908. Sehemu ya nyuma basi ni asilimia 28, kiasi kilicho salama. Ikiwekwa ya milimita 38, sehemu hiyo hufika asilimia 33 na mpaka umevukwa. Ikiwekwa ya 54 kama ya mbele, hufika asilimia 50, na gari hilo halifai barabarani. Kalipa yenye pistoni pande zote mbili huhesabiwa pistoni za upande mmoja tu. Diski ya nyuma ikiwa ndogo kuliko ya mbele, sehemu hiyo hupungua zaidi.

Katika barabara ya changarawe msuguano ni mdogo na uzito unaohama hupungua, hivyo breki za nyuma zitafanya kazi chini ya uwezo wake. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ile ya gari kugeuka nyuma mbele.

Jambo jingine ni breki ya mkono. Kalipa nyingi za mbele hazina mkono wa kuvutwa kwa kebo. Fundi atafute kalipa za nyuma zenye mkono huo, au aziache ngoma mahali pake. Ngoma nzima si aibu.

Kuzifunga

Bamba la kushikia kalipa liwe la chuma imara kisichopinda, lenye unene usiopungua milimita 10, na bolti ziwe zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani. Diski ipite katikati ya kalipa, na kuyumba kwake kusizidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Skrubu ya kutolea hewa lazima ielekee juu: kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, skrubu huwa chini, hewa hubaki ndani na pedali huwa laini daima. Pistoni za kalipa zenye breki ya mkono aghalabu hurudishwa ndani kwa kuzungushwa. Kuzikandamiza kwa jeki huziharibu.

Joto la mteremko

Kila mita 100 ambazo gari letu linashuka hutoa nishati ya jouli 686,000, ambayo inatosha kuchemsha lita 2 za maji. Nishati hiyo yote huishia katika breki, isipozuiwa na injini. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka yakifika nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, na ya DOT 4 nyuzi 230. Yakishanyonya maji kutoka hewani, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Mafuta yakichemka huwa mvuke, mvuke hubanwa kama mpira, na pedali huzama hadi sakafuni. Ndiyo sababu mafuta hubadilishwa kila baada ya miaka 2, na dereva huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka Sekenke, si akiwa katikati.

Kabla ya safari hiyo, gari lijaribiwe katika uwanja mpana usio na watu, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwanza, mtazamaji akiwa amesimama kando kuangalia ni magurudumu yapi yanayokwama mapema. Yakiwa ya nyuma, gari lirudi karakanani. Yakiwa ya mbele, lipelekwe kwa mkaguzi wa magari wa polisi, pamoja na hesabu zilizoandikwa.